Slaidi Namba Sitini na Tatu

Kama wiki jana gazeti lilikupita, vuta kiti nikuingize upesi. Kalekye, binti wa mzee Ngui mchonga vinyago wa Njiru, yuko mwaka wa tatu wa kusomea kazi ya maabara. Ameshamaliza darasa. Amebakiza mazoezi ya kazini katika zahanati moja ya Mowlem, hapa Nairobi, halafu mtihani wa bodi, halafu aitwe mtu wa maabara kamili.

Ndipo akaja Norah. Mja mzito wa miezi saba, homa inamchoma, ametoka juzi tu kuzika shangazi yake kule Bungoma, kwenye malaria nyingi. Kalekye akamtoboa kidole, akaweka damu kwenye slaidi, kile kipande cha kioo cha kupimia, namba sitini na tatu. Baadaye akaisoma, akaandika kwa mkono wake: hakuna vimelea vya malaria. Norah akarudishwa nyumbani na tembe za maumivu.

Siku ya nne aliletwa akiwa amebebwa ndani ya blanketi. Malaria ilikuwa imempanda kichwani.

Tulimwacha mumewe, Wamalwa, amesimama kwenye mlango wa maabara na kitabu cha matokeo mkononi, kidole chake kiko juu ya jina la Kalekye. "Ni nani huyu?" aliuliza. "Ni nani huyu aliyesema mke wangu hana kitu?"

Wote walimtazama Kalekye.

Norah hakufa, tumshukuru Mungu. Amelazwa, na mtoto bado anacheza tumboni, ingawa madaktari hawataki kusema lolote zaidi ya "tungoje." Lakini hapo maabara mambo hayakungoja.

Jumamosi asubuhi Bwana Kweyu, mkuu wa maabara, alimwita Kalekye akafunga mlango. Kweyu si mtu mbaya. Ni mtu wa kunyamaza sana, na akianza kusema, ujue ameshaamua.

"Jumatatu saa nne mwalimu wenu Opicho anakuja kutoka chuoni," alisema. "Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, majina ya wanaofanya mtihani yanafungwa. Nisipotia sahihi kitabu chako cha mazoezi, jina lako haliendi. Na kwa sasa, binti, siwezi kutia sahihi."

"Mwalimu, ile slaidi niliisoma mara mbili. Ilikuwa safi."

"Najua. Nimeisoma mwenyewe. Ni safi."

Kalekye alishangaa. "Sasa kosa langu liko wapi?"

"Kosa lako ni kubwa kuliko la kusoma vibaya. Mtu mwenye homa ile, aliyekuja kuanguka vile, hawezi kuwa alikuwa na damu safi siku nne kabla. Ile si damu ya Norah, Kalekye. Ulichanganya watu. Ulimtoboa mtu mwingine ukaandika namba ya Norah."

Aki, afadhali angempiga kofi. Katika kazi hiyo ukikosea kusoma utafundishwa upya. Ukichanganya damu za watu, nani atakupa tena kidole chake?

Na Kalekye, maskini wa watu, alianza kujishuku. Siku ile wagonjwa walikuwa wengi. Vipimo vya haraka vilikuwa vimekwisha, kila mwenye homa akapimwa kwa slaidi. Aliandika namba kwanza akatoboa baadaye? Au alitoboa kwanza? Alijaribu kukumbuka kidole cha Norah, akakumbuka vidole ishirini.

Alitoka nje akamkuta Filsan anamngoja.

Filsan naye tumjue. Ni Msomali wa Eastleigh, mwanafunzi mwenzake tangu siku ya kwanza chuoni, wamekaa meza moja miaka mitatu, na mazoezi wametumwa zahanati moja. Kazi waligawana: Kalekye kutoboa na kusoma, Filsan kupaka slaidi rangi ili vimelea vionekane, na kuziosha. Mama yake Filsan, Mama Raho, humwita Kalekye binti yangu, na sikukuu za Idi Kalekye ndiye hukata nyama za sambusa.

"Niko na wewe, Kale," Filsan alimwambia huku akimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe. "Sikiza. Kukataa kutakuharibia. Kubali tu. Sema ulichoka, ulichanganya, unaomba msamaha. Kweyu ana huruma."

Akatoa karatasi kwenye mkoba. Barua ya kuomba msamaha, imeshachapwa, kilichobaki ni sahihi ya Kalekye.

"Umeniandikia?" Kalekye alisema, na machozi yakaongezeka kwa shukrani.

Kwa shukrani, jamani! Nikifika hapa hasira hunipanda, kwa hivyo tuendelee.

Alishika kalamu. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Halafu akasita, si kwa ujanja wowote, ila babake alimfundisha kwamba kabla hujakubali kinyago kimepasuka, kigeuze uuone huo ufa. Akarudi ndani.

"Mwalimu, kabla sijatia sahihi hii barua, naomba niione ile slaidi kwa macho yangu. Mara ya mwisho."

Kweyu alifungua kabati, akatoa sanduku. Katika maabara ile kila slaidi huhifadhiwa kwa ajili ya wakaguzi, slaidi mia katika sanduku moja, kila moja na tundu lake. Akampa namba sitini na tatu.

Sasa nivumilie kidogo, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka. Slaidi ya malaria huwa na damu sehemu mbili. Upande mmoja ni tone nene, ambalo ndilo husomwa kutafuta vimelea, na humo chembe nyekundu za damu huwa zimeshapasuka, huzioni. Upande wa pili ni utando mwembamba ambamo chembe zinabaki nzima. Ukikosa vimelea kwenye tone, huna haja na utando. Kalekye hakuutazama siku ile. Kweyu naye, alipokagua, hakuutazama.

Jumamosi ile Kalekye aliutazama, kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama.

Chembe za damu za watu ni za duara. Hizi hazikuwa za duara. Zilikuwa ndefu, zimechongoka pande mbili, nyingi sana, zimelala kama punje za mchele.

Alizijua papo hapo. Akainua uso kutoka kwenye hadubini, akauinamisha tena.

Mwaka wa kwanza chuoni walifundishwa kutazama damu kwa kutobolewa wao wenyewe, kila mtu na jirani yake. Kalekye alitazama damu ya Filsan akaona punje za mchele. Alitaka kumwita mwalimu, Filsan akamshika mkono. "Usimwite! Wallahi wakisikia nina damu mbaya, nani atanioa?" Kalekye akafungua kitabu, akamsomea kwamba hali ile ni ya kuzaliwa nayo, haiumi, haiui. Filsan hakutaka kusikia. Kalekye akaifuta ile slaidi na spiriti, na siri ile akaitunza miaka mitatu.

Kwa hivyo chini ya namba ya Norah, kwa mwandiko wake Kalekye, ilikuwa damu ya Filsan.

"Umeona nini?" Kweyu aliuliza.

Na hapa, msomaji, huyu msichana wetu alifanya jambo la mtu mwenye moyo mzuri na akili ya kuku. "Sijui, Mwalimu," alijibu. "Naomba mnipe hadi Jumatatu."

Alienda moja kwa moja Eastleigh, dukani kwa Mama Raho anakouza madera kwa jumla. Mama Raho alimkaribisha kwa chai ya maziwa. "Binti yangu, mbona umekonda? Filsan! Mwenzako huyu!"

Filsan alimpeleka stoo, nyuma ya marobota ya nguo.

"Ulitia sahihi?"

"Jumanne ile alipokuja Norah ulikuwa na plasta kidoleni," Kalekye alisema. "Ulisema umekatwa na kioo."

"Si nilikatwa."

"Filsan, nimeangalia utando."

Nje Mama Raho alisikika akibishana na mteja.

Filsan aliketi juu ya robota. "Slaidi ya Norah iliniponyoka kwenye sinki," alisema. "Ikavunjika. Kweyu alikuwa amenionya, slaidi ya tatu nikiivunja ananirudisha chuoni. Hiyo ilikuwa ya tatu."

"Si ungemtoboa Norah tena?"

"Angeuliza kwa nini. Kweyu angesikia."

"Alikuwa ameketi kwenye benchi nje, Filsan! Hatua tano! Mama ana mimba, anatetemeka, hatua tano!"

"Kale, tumesoma slaidi ngapi tangu tuje? Malaria umeona mara ngapi? Hapa Nairobi zote huwa safi! Nilisema moyoni, yake itakuwa safi tu, yangu ni safi, kuna tofauti gani? Nikajitoboa, nikaandika namba yake nikiiga mwandiko wako. Sikumtakia mabaya mtu yeyote."

Kalekye alimtazama. Na kweli ndivyo ilivyo, slaidi za Mowlem karibu zote huwa safi, mtu huzoea hadi akasahau kwa nini anazisoma. Jambo hilo alilielewa. Lakini lilikuwapo lingine.

"Na ile barua?"

Filsan alianza kulia.

"Nakuuliza barua. Ulikaa chini ukaichapa. Ulitafuta maneno. 'Kwa uzembe wangu mwenyewe.' Uliyaandika ukiwa unajua."

"Wewe wanakupenda, Kale. Nilijua watakusamehe. Mimi wangenifukuza. Na familia ya Keynan wanakuja mwezi ujao kuniposa, ikijulikana nimefukuzwa, tena nina damu ya namna hii..."

"Nilikuita dada!" Kalekye alisema. "Nililala kwenu. Mama yako ananipa chai sasa hivi, Filsan, sasa hivi tunapoongea!"

Filsan alimshika mikono yote miwili. Akaapa kwamba Jumatatu, mbele ya Opicho na Kweyu, atasema yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Aliomba kitu kimoja tu: "Niache niseme mimi. Na habari ya damu yangu usimwambie mtu. Niahidi, dada."

Kalekye akaahidi.

Nilipomuuliza Kalekye kwa nini aliahidi, alinijibu kwamba miaka mitatu ni mingi. Nikamwambia ndiyo, ni mingi.

Sasa uliza ni nani aliyekuwa zamu Jumapili. Uliza funguo za kabati hukaa kwa nani siku za zamu. Kalekye hakuuliza. Alienda kanisani na babake, akaimba, akarudi nyumbani akala vizuri kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Jumatatu saa nne wote wanne walikuwa maabara. Bwana Opicho, mwalimu wa chuo, mtu wa haraka haraka, alikuwa ameweka kitabu cha mazoezi cha Kalekye mezani na kalamu juu yake.

"Haya," Opicho alisema. "Kalekye, nimeelezwa. Una la kusema?"

Kalekye alimgeukia Filsan. Akangoja.

Filsan alikuwa anakunja kona ya mtandio wake.

"Filsan," Kalekye alisema polepole. "Kuna kitu ulitaka kusema."

"Mimi?" Filsan aliinua uso, na uso ule ulikuwa mkavu kabisa. "Niseme nini? Mimi hupaka rangi tu. Nimekuja kukupa moyo, Kale."

Ukiwahi kuitwa jina lako la utani na mtu anayekuzika, utajua alivyojisikia. Kalekye alishika ukingo wa meza. Alikuwa na hasira, na zaidi ya hasira alikuwa na aibu, kwamba amedanganywa mara mbili na mtu mmoja ndani ya siku tatu.

Lakini slaidi bado ilikuwapo.

"Mwalimu Opicho, naomba utazame namba sitini na tatu. Usitazame tone. Tazama utando mwembamba. Chembe zake si za kawaida, na mwenye damu ile anaweza kujulikana."

Opicho aliinama juu ya hadubini. Akasogeza slaidi huku, akaisogeza kule. Alichukua muda.

"Ni za kawaida," alisema. "Duara tupu. Ni damu ya mtu yeyote."

"Haiwezekani!"

"Njoo uone."

Aliona. Duara, duara, duara. Upande wa pili wa meza Filsan alipiga ulimi kwa masikitiko, kama watu wanavyofanya matangani.

"Kalekye," Kweyu alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Tia sahihi ile barua. Utarudia mazoezi mwakani, kama chuo kitakubali."

Ndipo Kalekye alipoitoa slaidi kwenye hadubini akaiinua dirishani. Miaka mitatu ya masomo haikupotea bure. Siku zile za Norah, rangi ya kupakia slaidi ilikuwa imezeeka, na slaidi zote za siku zile zilitoka na weusi wa samawati. Chupa mpya ilifunguliwa Alhamisi iliyopita, na za sasa hutoka za waridi. Hii iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa ya samawati.

"Mwalimu Kweyu, sanduku umelihesabu lini?"

"Leo asubuhi. Slaidi mia kamili. Kwa nini?"

"Hakuna tundu tupu?"

"Nimekwambia mia kamili."

"Basi slaidi hii imetoka ndani ya sanduku hilo hilo. Ni ya siku zile, rangi yake inasema. Mtu amefuta namba za penseli kwenye slaidi mbili akaziandika upya, akazibadilisha mahali, ili hesabu yako isipungue. Slaidi niliyoiona Jumamosi bado imo humu. Ina namba ya mtu mwingine. Naomba nizitazame zote."

Opicho alitazama saa. Kweyu alitazama sanduku, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Kalekye kama mtu anayefikiri.

"Slaidi mia," Opicho alisema. "Nina saa moja tu, kisha naenda chuo kingine. Humalizi peke yako."

"Nitamsaidia."

Alikuwa Filsan. Ameshavuta kiti. Ameshawasha hadubini ya pili.

"Tugawane, dada," alisema kwa sauti tamu. "Wewe moja hadi hamsini, mimi zilizobaki. Tutamaliza upesi, jina lako lisafishwe."

"Huyo ndiye rafiki," Opicho alisema, akamsukumia nusu ya sanduku.

Kalekye aliona mkono wa Filsan ukipita juu ya zile slaidi hamsini bila kutafuta, ukaenda moja kwa moja kwenye safu ya mwisho. Filsan alijua ilipo. Kidole kimoja tu, na slaidi ya nne ingeanguka sakafuni kwa bahati mbaya, na nani angemshuku msichana anayejulikana kwa kuvunja?

Filsan aliinua macho. Midomo yake ilisema bila sauti: *Uliniahidi.*

Ni kweli aliahidi. Miaka mitatu iliyopita mara moja, na Jumamosi mara ya pili. Alifikiria harusi ya Filsan, alifikiria Mama Raho na chai yake. Halafu akamfikiria Norah juu ya lile benchi, hatua tano.

Kalekye alifungua droo akatoa sindano mpya ya kutobolea kidole, ingali kwenye karatasi yake. Akaiweka mezani mbele ya Opicho.

"Mwalimu," alisema, "kabla Filsan hajagusa slaidi hata moja, naomba umtoboe kidole. Utengeneze utando, uutazame. Kisha ndipo tutafute unaofanana nao humu sandukuni."

Opicho alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Kweyu hakucheka.

"Filsan," Kweyu alisema. "Lete mkono."

Filsan aliinuka, na mikono yote miwili akaiingiza ndani ya mifuko ya koti lake jeupe. Mmoja haukuingia mtupu. Kwenye ile safu ya mwisho ya sanduku, pale palipokuwa na slaidi sasa hivi, palikuwa na tundu tupu.